Mchezaji wa Pili

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, Balbina alikwenda kuchaji simu kwenye banda la gemu la Stumai, nyuma ya soko la Ifakara. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji. Daktari alimwamuru akae mjini wiki sita, alipumzishe goti, na asipande kitu chochote kirefu kuliko kitanda. Balbina aliitikia kwa mdomo tu. Moyo wake ulikuwa Chita, kwenye ekari tatu za mpunga ulioanza kutia maziwa bila mtu wa kuwinga ndege.

Mpunga ukifika hapo, mkulima huhamia shambani. Hupanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, akapiga kelele na madebe tangu jua kuchomoza mpaka kuzama. Asipofanya hivyo, kwelea humvunia. Balbina alimwomba shemeji yake Hermenegildi, mdogo wa marehemu mumewe, amshikie dungu. Hermenegildi akasema mgongo unamuuma. Mgongo huo ulikuwa na desturi ya kuuma tangu kulima hadi kuwinga, ukapona siku ya kuvuna. Mchagua jembe si mkulima, na huyu hata kuchagua hakuchagua.

"Shikamoo mama," alisema Stumai. "Simu yako itachelewa, betri imechoka. Shika hii pedi, usikae bure."

"Marahaba mwanangu. Mimi na hizi wapi na wapi?"

"Kitufe hiki kupaa, hiki kufyatua. Basi."

Lilikuwa gemu la zamani, la picha za vidonge vidonge na muziki wa kukwaruza. Kuku mwenye miwani aliruka ndani ya sufuria, akifyatua karanga za kukaanga. Kuku hakujua kurudi nyuma: dunia yote ilitoka kulia ikaenda kushoto, na aliyezubaa alisukumwa na ukingo wa kioo. Mwisho wa safari alitokea kiboko aliyevaa tai, akarusha viatu, na akishindwa aliandika: SAMAHANI, NILIDHANI NI MTU MWINGINE. Kuku akipigwa, gemu lilisema: UMEKUFA KIDOGO. ENDELEA?

Chini ya sufuria lilipita shamba la mpunga. Balbina alilitambua kwa jinsi lilivyopinda upande wa mfereji, na kwa kibanda cha jirani yake Digna chenye bati moja la kijani. Watengeneza gemu nao lazima wachore shamba la mtu. Kwelea walipotokea upande wa kulia, wingu zima, aliwapigia kelele kama alivyozoea, akafyatua. Aliangusha arobaini na wawili kabla ya kufa kidogo.

Simu ilipopata chaji, Digna alikuwa anapiga kutoka Chita.

"Dada, ndege wanaanguka shambani kwako. Nimeokota arobaini na wawili. Kila mmoja ana karanga kifuani."

"Ni mimi," alisema Balbina. "Nilikuwa naongoza kuku."

"Basi angalia unakoelekeza. Mmoja kaangukia kwenye uji wangu."

Kuanzia kesho yake Balbina alifika bandani saa kumi na mbili asubuhi, ndoo ya maji mkono mmoja, viazi vya kuchemsha mkono mwingine. Stumai alimwachia runinga ya pembeni. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakicheza mpira kwenye runinga nyingine walimwamkia, wakajifunza kutosikia kelele zake, maana alikuwa amekuja na debe pia. Goti lilipumzika kama daktari alivyotaka. Vidole gumba ndivyo vilivyovimba. Wiki ya pili ilipoisha hapakuwa na shamba safi kama lile kuanzia Chita mpaka Mlimba, na kijiji kilikula ndege wa kukaanga asubuhi na jioni.

Balbina alikuwa na furaha. Tangu mumewe afariki hakuwahi kuwinga bila kunyeshewa.

Wiki ya tatu, katikati ya shamba kwenye runinga, lilitokea dungu jipya. Juu yake aliketi mtu mdogo mwenye redio.

"Shemeji huyo!" alisema Balbina. "Mgongo umepona, kaja kunisaidia." Akamkwepesha kuku ili asimmwagie karanga.

Stumai, aliyekuwa anafuta vumbi, ndiye aliyeona juu ya kioo. Pointi za Balbina, ambazo jana zilikuwa zaidi ya elfu tisa, zilikuwa sifuri. Upande wa kulia palikuwa na maandishi ambayo hayakuwepo: MCHEZAJI WA PILI. Balbina akafyatua, kwelea akaanguka, na pointi ikaenda upande wa pili.

Stumai alipiga magoti akaangalia nyuma ya mashine. "Mama, pedi ya pili haijachomekwa. Nimemwazima kijana mmoja, Fredy, tangu Pasaka."

Hapo Balbina alielewa. Kijijini kwao karatasi za mashamba ni chache, na zilizopo zimeliwa na mchwa. Ugomvi ukitokea, baraza huuliza swali moja tu: mlimwona nani juu ya dungu? Anayelima anaweza kuwa kibarua, anayevuna anaweza kuwa mwizi, lakini hakuna mtu atakayekaa juani miezi miwili kuwafukuzia ndege watu wengine. Shamba ni la mwenye dungu. Hivyo ndivyo walivyoamua wazee wa zamani, nao hawakuwahi kumwona mtu akikaa kwenye dungu la shamba lisilo na ndege.

Alimlenga Hermenegildi, akafyatua karanga mia. Zilimpita kama moshi. Gemu likaandika: HUYU SI NDEGE.

Ijumaa Balbina alisafiri kwenda Chita, na Stumai akafunga banda akaenda naye kuwa shahidi. Baraza lilikaa nje ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mzee Remigius, alianza kwa kumshukuru Balbina kwa kitoweo. Kisha akamgeukia Digna.

"Msimu huu ulimwona nani juu ya dungu la shamba lile?"

Digna alikuwa hajawahi kusema uongo maishani, na siku hiyo alitamani angekuwa na mazoezi. "Nilimwona Hermenegildi."

"Na ndege waliuawa na nani?"

"Na Balbina."

"Akiwa wapi?"

"Akiwa Ifakara, ndani ya gemu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyebishia gemu; wawili kati yao walikuwa wamevunjika jino kwa karanga. Hermenegildi alikaa mbele, redio magotini, akasema kwa upole kwamba shemeji yake amesaidia sana, na kwamba msaada ni kitu kizuri katika ukoo.

"Ulikaa kwenye nini huko?" Mzee Remigius alimuuliza Balbina.

"Kwenye kiti."

"Urefu wake?"

Stumai alisimama, akaonyesha kwa kiganja. Kiganja kilifika kwenye goti.

Wazee walinong'onezana. Mmoja alisema kingekuwa na ngazi, hata ya hatua mbili, neno lingekuwa jingine. Mzee Remigius akahitimisha kwamba hicho ni kiti, kiti si dungu, na shamba ni la Hermenegildi. Akaongeza kwamba anamhurumia Balbina, na alikuwa anasema kweli, machozi yalimlengalenga. Akamwombea goti lipone.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha Balbina kilikuwa na redio.

Alirudi Ifakara, akakaa chumbani siku mbili. Alisema mbele ya ukuta kwamba kwelea ni viumbe wa Mungu, acha wale washibe. Siku ya tatu Digna alipiga simu: wameshuka. Hermenegildi anapiga kelele lakini hajui kuzipiga, ndege wanamwangalia tu, mmoja katua juu ya redio.

Balbina alikwenda bandani. Hakugusa pedi. Alitazama tu kwenye runinga jinsi mpunga unavyopungua mstari kwa mstari, na masuke matupu yakisimama wima kama majani ya ufagio. Mbegu ile aliachiwa na mama yake kwenye kibuyu. Mwezi wa kwanza aliipanda mwenyewe akiwa amechutama, na ndiyo iliyomharibu goti. Alihisi uchungu mpaka kwenye meno.

"Niletee kreti za soda," alimwambia Stumai. "Nne."

Wakazipanga, wakaweka kiti juu, wakaegemeza ngazi ya hatua mbili waliyoiazima kwa fundi rangi. Balbina akapanda, kinyume cha amri ya daktari, goti likilia kila hatua. Akachukua pedi.

"Mama," alisema Stumai, "pointi zitakwenda kwake."

"Naona."

"Sasa unampigia nani?"

"Mpunga haujanikosea kitu," alisema Balbina, akapiga debe.

Asubuhi ile aliangusha mia tatu na sita, na zote zikaandikwa upande wa pili. Akaendelea hivyo mpaka mwezi wa sita ulipokaribia kuisha, shamba kwenye runinga likabaki mabua, na kiboko akaja kumwomba samahani kwa mara ya mwisho.

Hermenegildi alivuna vizuri kuliko mtu yeyote bondeni, na mgongo haukumsumbua. Mwezi wa saba alimtumia Balbina debe moja la mchele mpya, pamoja na salamu: asante shemeji kwa kunisaidia kuwinga.

Balbina aliumwaga kwenye ungo, akakaa mlangoni kuuchambua. Humo ndani alikuta karanga tisa za kukaanga, zile za gemu. Akazifunga kwenye ncha ya khanga, akachechemea nazo mpaka bandani kwa Stumai, akamkabidhi zote tisa, kwa sababu hazikuwa zake.