Kamera ya Njiapanda ya Yamumbi

Kavetsa, mtafiti wa idara ya barabara, alifunga kamera kwenye mlingoti wa stima, pale njia ya Yamumbi inapoingia barabara kuu. Kazi yake ilikuwa kutazama magari yanayoponea chupuchupu kugongana, ili mahali pa hatari pajulikane kabla mtu hajafa.

Kabiru, mwenye duka la hadiwea kando ya barabara, hakumtaka hapo.

"Mkimaliza mtaweka matuta na kunifungia njia ya wateja," alisema. "Nani amekufa hapa? Taja mmoja."

"Hakuna, Mzee. Ndiyo maana nimekuja mapema."

"Basi enda ungojee maiti kwenu!"

Kabla Kavetsa hajajibu, lori la mahindi lilifunga breki kwa kelele. Bodaboda iliyombeba Nduta, mke wa Kabiru, ilipita mbele ya lori hilo kwa nafasi ya mkono mmoja, ikayumba na kusimama kwenye nyasi. Nduta alishuka, mguu mmoja hauna kiatu.

Kabiru hakumkimbilia mkewe. Alimgeukia Kavetsa.

"Umefurahi? Umepata ulichotaka?"

Aling'oa kamera akaitupa mtaroni, na watu wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria hapo wakampigia makofi.

Kesho yake Kavetsa alirudi na kamera nyingine, akasimama ng'ambo ya barabara. Nduta alivuka akamfuata, uso ameukunja.

"Usidhani nimekuja kukusalimia. Ile video ya jana iliharibika?"

"Haikuharibika, Mama. Niliokota kamera mtaroni, kadi yake ni nzima."

"Basi ipeleke kwa wakubwa wako. Na bwanangu asisikie tumeongea."