Aliyepanda Misambya

Mimi nina ugonjwa wa haraka. Mama yangu anasema nilizaliwa wa miezi saba kwa sababu sikuweza kuvumilia miwili iliyobaki, na pale Kahororo, Bukoba, tunapoishi majirani hutambua mlio wa pikipiki yangu kabla hawajaniona. Kwa hiyo niliposhika usimamizi wa mradi wa miti wilayani Muleba nilijiona nimepata kazi ya saizi yangu. Mvua ya siku hizi haimsubiri mtu. Inachelewa, ikija inapiga wiki tatu kwa hasira, halafu inakatika na kuacha migomba imelala kwa upepo na mibuni ikinyauka. Sisi tulikuwa tunapeleka misambya, miti ya kwao huko huko, ya kukinga upepo na kuipa kahawa kivuli.

Novemba ya mwaka jana nilikuwa karibu kurukwa na akili. Watu wanafukuzana na senene, panzi wetu wa kuliwa, na mimi nina miche elfu ishirini kwenye kitalu cha Kagoma, mizizi imeshatoboa viriba vya plastiki, na watabiri wanasema mvua imebakiza siku kumi. Asubuhi moja akaja mzee mmoja wa kijiji cha jirani, Rugaibula, shati limenyooshwa, kofia mkononi.

"Mama mradi, mimi ninacho kibanja cha migomba na kahawa kando ya barabara. Kila apitaye atakiona," akasema. "Nipe miche hata leo."

Hata leo! Ningeweza kumkumbatia. Lakini Kyaruzi, bwana miti wetu, Mlutheri mpole asiyepandisha sauti hata tairi likipasuka, akanivuta kando.

"Dada Sumaiya, kile ni kibanja cha marehemu kaka yake. Mjane wake yupo. Sasa hivi yuko Rubya hospitalini anamwuguza binti yake. Tumsubiri."

"Atarudi lini?"

"Labda wiki, labda mbili."

"Na mvua nayo tuiambie iende ikakae naye wodini?"

Nilicheka mwenyewe. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba kwao mahindi na maharage anaweza kulima yeyote uliyemruhusu, lakini mti wa kudumu ni neno lingine. Anayepanda mti ndiye mwenye mahali. Hata mtu uliyemwazima shamba miaka ishirini, siku akipanda mti unamwuliza ana maana gani.

Hilo nililijua. Familia yetu ilitoka pwani zamani, enzi za babu wa babu yangu, lakini mimi nimezaliwa Bukoba na mambo ya vibanja nimeyasikia tangu utoto. Niliyajua, nikayaweka kwenye fungu la mambo ya wazee. Nikafungua daftari la mradi, na mbele ya maneno "mwenye shamba" nikaandika Rugaibula. Palikuwa na mstari mwingine chini yake wa ridhaa ya mwenye ardhi, nao nikamwambia aweke sahihi. Kikundi chetu kikachimba mashimo, na kufikia saa sita mchana misambya mia mbili na ishirini ilikuwa ardhini.

Ikashika vizuri mno. Wengine miche yao ililiwa na mchwa na mbuzi, lakini pale ilikufa minane tu. Tukapafanya shamba la mfano. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nikaanza kumpeleka pale kila mgeni aliyeshuka Bukoba. Rugaibula alisimama kwenye kila picha. Mlangoni mwa nyumba alikuwapo mwanamke mwembamba mwenye khanga iliyopauka, anayetuletea buni za kutafuna kama ilivyo desturi, halafu anarudi ndani. Nilimwona kila mara, nikazipokea buni zake, nikashukuru, nikaondoka. Sikuwahi kumwuliza yeye ni nani.

Jina lake nililijua Septemba hii, Jumatatu, aliponijia ofisini Bukoba. Alhamisi yake alikuwa anakuja mtathmini kutoka Dar es Salaam kuamua kama mradi utapewa awamu ya pili, na mimi nilikuwa napigia simu watu wanne kwa mpigo. Kyaruzi akamwingiza, akamvutia kiti, akabaki amesimama mlangoni.

"Naitwa Kokuhirwa," mama akasema. "Wewe ndiye uliyeandika jina la shemeji yangu kwenye kibanja changu?"

"Ndiyo, Mama. Ni mimi."

"Ulikuwa hunijui?"

"Sikukujua."

"Hukuuliza."

Hakulisema kwa ukali. Ningependa angelisema kwa ukali, maana ukali naujua namna ya kuujibu. Akaeleza habari yake bila kupepesa macho. Mtoto wa Rugaibula anataka kuoa, na Rugaibula anataka kumjengea pale. Amemshtaki Kokuhirwa kwenye baraza la kata, kesi ni Jumatano, na ushahidi wake ni mmoja tu: miti. Anawaambia watu, angalieni, nani amepanda? Na mradi wenyewe umeniandika mimi, anasema.

"Niliporudi kutoka Rubya nikakuta miti imesimama," akasema. "Nikauliza, nikaambiwa ni ya serikali. Nikaogopa kuing'oa. Mume wangu amezikwa pale, na mimi nimepatia pale watoto watano. Nikitolewa nakwenda wapi, jamani waitu? Jumatano utakuja kusema?"

Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia! Neno la kiofisi, la kumtoa mtu mlangoni. Alipoondoka Kyaruzi hakunitazama, na mimi nikamfokea kwa sababu ya taarifa fulani ambayo haikuwa imechelewa hata kidogo.

Sikuweza kukaa. Nilitoka ofisini nikaenda hadi ufukweni, nikarudi, nikaenda tena. Nikisema ukweli barazani, ukweli utakuwa huu: tulipanda kwenye ardhi ya mtu bila ridhaa yake, tena kwenye shamba letu la mfano, siku moja kabla ya mtathmini. Watu kumi na wawili wanakula kwa mradi ule. Na nikinyamaza? Mjane atapigwa na daftari langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu. Labda nibadilishe jina kimyakimya, labda niombe kesi isogezwe hadi Ijumaa. Kila njia niliyoifikiria ilikuwa inahitaji Kokuhirwa asubiri tena.

Jioni mama yangu alikuwa anamenya ndizi, mimi nazunguka jiko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaniamuru niseme. Nikasema yote.

"Mficha uchi hazai," akasema, akaendelea kumenya. "Na wewe acha kuzunguka, unanitia kizunguzungu."

Jumatano nilikwenda na daftari kwapani. Baraza linaongozwa na Mama Immakulata, mwalimu mstaafu, ambaye hata Rugaibula alipotaka kuzungumza akiwa ameketi alimwambia asimame kama wenzake. Rugaibula akasimama, akasema vizuri sana. Mjane ni wa kulishwa na ukoo, akasema, lakini kibanja ni cha anayekiendeleza. Mwaka jana nani alikiendeleza? Miti inasimama pale kama mashahidi. Mwulizeni bibi wa mradi.

Nikaitwa. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa kibanja kile.

"Jina hili niliandika mimi," nikasema. "Kyaruzi aliniambia mwenye kibanja ni Mama Kokuhirwa na yuko hospitalini. Nilikuwa na haraka. Sikumsubiri, na aliporudi sikumtafuta. Ridhaa yake hatukuwa nayo."

Pakawa na minong'ono. Rugaibula akainua mkono.

"Hata kama! Mti umepandwa na mimi. Haya ya daftari ni ya kizungu, lakini desturi yetu mnaijua."

"Tunaijua," Mama Immakulata akamjibu. "Miche ilikuwa ya nani?"

"Ya mradi."

"Mashimo alichimba nani?"

"Kikundi cha mradi."

"Na wewe ulikwenda pale kwa idhini ya nani?"

"Mradi ndio ulionituma," akasema kwa fahari, na nadhani aligundua kosa lake kabla hajafunga mdomo.

"Basi ulikuwa mkono tu. Aliyetuma ndiye aliyepanda." Akanigeukia. "Mpandaji ni wewe, binti. Unadai kibanja cha huyu mama?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Hapana. Sidai."

"Basi kibanja ni cha Kokuhirwa. Habari ya miti yako zungumzeni ninyi wawili."

Nilifurahi, nikadhani yameisha. Nje nikamwendea Kokuhirwa, nikamshika mikono, nikamwambia nitafuta jina la Rugaibula sasa hivi na kuandika lake, na misambya yote itakuwa yake.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Utaing'oa."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Mama, miti haina kosa! Imefika kifuani. Mwaka kesho itakukingia upepo."

"Wewe utaandika, na daftari utaondoka nalo Bukoba. Hapa watu hawasomi daftari, wanasoma miti. Mimi nikifa, wajukuu wangu wataambiwa ile aliipanda Rugaibula, tuliona kwa macho. Kesi itaanza upya na wewe hutakuwapo. Ng'oa yote."

Nilitaka kubishana. Maneno ninayo mengi, ndiyo kazi yangu. Lakini nilikumbuka kwamba mara ya mwisho nilipojua kuliko wengine, mama huyu alikaribia kulala nje.

Alhamisi saa moja asubuhi tulikuwa pale, mimi, Kyaruzi na watu wawili wa kikundi. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo. Wa kwanza niliung'oa mimi. Ulikataa, nikapiga magoti, nikachimba kwa jembe, nikavuta hadi mzizi mkuu ukakatika. Sijawahi kulia kazini, lakini kufika wa kumi nilikuwa nalia na kamasi. Misambya ya umri ule ukiing'oa haishiki tena mahali pengine, na sote tulilijua hilo. Kokuhirwa hakutuhimiza wala kutupoza. Alikusanya tuliyoing'oa, akaifunga mafungu ya kuni.

Mtathmini alifika saa tano. Alishuka kwenye gari na viatu vyake safi, akatazama mashimo, akanitazama mimi niliyejaa tope hadi nywele.

"Mnapanda?" akauliza.

"Tunang'oa," nikamjibu, nikamweleza yote tangu mwanzo, hata ule utani wangu wa wodini. Aliandika kwa muda mrefu. Sina haja ya kuficha: awamu ya pili Muleba haikupata, na mimi leo natafuta kazi.

Lakini siku hiyo, kabla hatujaondoka, Kokuhirwa alishuka bondeni kwenye chemchemi, akarudi na mche wa msambya uliojiotea wenyewe huko, wenye majani manne, na udongo wake mkononi. Hakutaka kiriba chetu wala jembe letu. Akaupanda kwenye ncha ya kibanja, kando ya barabara, mahali ambapo kila apitaye atauona. Majirani walikuwa wamesimama wanatazama, na Rugaibula alikuwa miongoni mwao. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye khanga, akaniambia:

"Haya. Andika."

Kyaruzi akanipa daftari. Nilikuwa najua kila kitu cha kuandika. Lakini nilishika kalamu, nikasubiri hadi akaniangalia, ndipo nikamwuliza kwa sauti, majirani wote wasikie:

"Mama, mwenye kibanja hiki ni nani?"

"Ni mimi," akasema. "Kokuhirwa."

Nikaandika jina lake, na kwenye idadi ya miti nikaandika mmoja.