Mkia wa Jina la Furn

Nalala mchana kweupe, saa tano na nusu, nimeegemea gunia la kahawa kwenye ghala la chama huko Mbinga, kiatu kimoja mguuni na kingine pembeni, na usingizi haujanikolea vizuri ghala tayari halina ukuta, lina barabara. Sishangai. Mimi Odilo Nchimbi nimetembea miaka hamsini na ushei, barabara ikinijia huwa naifuata tu, basi navaa kiatu cha pili naenda. Ni barabara ya mawe, inapinda, inarudi ilikotoka na bado inaendelea mbele, na kila jiwe nikilikanyaga linasema via, via, yaani njia, njia, nami nalielewa, maana Kilatini nilikiokota vipande vipande: miezi minane misheni ya kwanza nikaugua, mwaka mmoja misheni ya pili nikafukuzwa, na ya tatu nilikuwa jikoni namenya viazi. Mbele yangu wanatembea dada wawili wasio na nyuso, laini kama yai, na wa nyuma amebeba mtu mgongoni. Nawasalimu, hamjambo? Salamu hiyo si ya huku, babu, lakini tumeisikia, wanasema, sisi ni Lenta na Clara, na huyu aliyebebwa ni Mente, ndiye akili. Zamani alitembea kwa miguu yake, watu wakisema lenta mente, kwa akili ya taratibu, akachoka, tukambeba, sasa ameota mgongoni petu, hashuki tena. Nauliza mbona mnatembea wawili na anayebeba ni mmoja? Wanacheka bila midomo. Kwa Wahispania ndivyo tunavyokwenda, lenta y claramente, taratibu na wazi, tukiongozana anabeba wa mwisho, mzigo wake unatutosha sote. Na mji ule unaoonekana mbele ni wa nani? Wa watu wenye mikia, babu, nawe ukifika ukumbuke hili: anayekuja hatumjui, anayeondoka tunamjua. Nageuka niwaulize maana yake, hawapo, na nimo ndani ya mji.

Kuta zake ni vioo, na ndani ya kila kioo mna mji mwingine, mtaa ni uleule ila watu wamevaa kwa namna yao. Mwanamke mwenye unga hadi viwikoni ananishika mkono. Naye hana uso, lakini sauti anayo. Mgeni, umetumwa kwangu wewe! Sijatumwa, mama, napita tu. Basi pitia kwangu. Jina langu Furn, limekatikia hapo, halina mkia. Tanuri furnus ni langu, nimelijenga kwa mikono hii, moto umewaka, donge limeumuka, na huku asiye na mkia wa jina haruhusiwi kuoka hata andazi. Kengele ya adhuhuri ikilia wanakuja na ndoo, wanazima moto, na moto wangu ukizimwa leo siwashi tena maisha yangu yote. Namwambia si uende ukaombe huo mkia? Anapiga paja. Hakuna anayejiombea, mgeni! Ni lazima uombewe na mwingine, achague yeye, na akichagua vibaya wanaukata mkia wake yeye. Nimezunguka majirani wote. Wananipenda, mkate wangu wanautamani, lakini kila mmoja anaushika mgongo wake anasema samahani, Furn. Nauliza, mimi nami ninao? Ananizungusha, anapapasa kati ya mabega yangu. Unao, tor, umefifia kwa jua. Wewe ni viator, mwenye kusafiri. Ukikatwa huo miguu yako haitavuka tena kizingiti. Nasimama kidogo. Nimekosa nyumba, nimekosa shule, miguu tu ndiyo sijawahi kuikosa. Lakini donge lake limefura linamwagika mezani, naye analirudisha kwa kiganja kama mtu anayemtuliza mtoto, nami najisikia nikisema nakwenda.

Jumba la mikia lina mlango mkubwa wa shaba. Nabisha hodi. Hodi tena. Natoa kofia, nasema hodi wenyewe, nasimama pale kama nilivyofunzwa na mama, maana kwetu mgeni haingii kwa nyuma, anayeingia kwa nyuma ni mwizi wa kuku. Kivuli kinafupika, jua linakaribia utosi, mlango ni kimya, na watu wanaonipita hawanisalimu mpaka wamenipa kisogo, ndipo wanasema ah, viator, habari ya njia? Hapo ndipo fumbo la wale dada linanifungukia: huku uso si kitu, mtu husomwa akishakupita, kila kitu chao kiko nyuma. Sisi maneno yetu tunayavisha kichwani zaidi, mtu watu, kitu vitu, wao wanayavisha mkiani. Nazunguka jumba mbio, mlango wa nyuma uko wazi umekuwa wazi siku zote, na ndani mshonaji asiye na uso anasema ulikuwa wapi? Nilikuwa mbele. Mbele kuna nini?

Mikia imetundikwa vigingini hadi darini. Mshonaji ananizunguka na sindano. Kizee hiki kimetokea wapi, anasema, hiki cha kushonewa ulus, mkia wa vitu vidogo. Nacheka mimi, maana hilo nalijua. Shona, nasema! Alikuwepo vetus, mzee wa heshima zake, na alikuwepo vetulus, kizee cha kuchekwa. Leo yuko wapi yule mkubwa? Wajukuu wanaotembea mitaani ni wa kizee: vecchio kwa Waitalia, viejo kwa Wahispania, vieux kwa Wafaransa. Na jua la Wafaransa je, soleil? Lilikuwa kijijua wewe! Mshonaji anashusha sindano. Haya, anasema, na safari hii ana adabu, chagua, babu.

Mkono wangu unaenda kwanza kwa tor, uliong'ara, wa piscator mvuvi na venator mwindaji, mkia wa wenye matendo, tena ndugu ya wangu. Unaufikia, unasita. Nakumbuka jikoni mwa misheni ya tatu, Bruda Meinradi akitaja wafanyakazi wa zamani mimi nikimenya: ferrarius anashinda na chuma, carbonarius anashinda na mkaa, asinarius anashinda na punda, na akisema Odilo, tor ni wa tendo, arius ni wa mtu na kitu chake. Furn hajaniambia anafanya nini. Ameniambia tanuri ni langu. Kule chini, karibu na sakafu, kuna arius, mkia mchakavu wenye masizi. Ule, nasema, na umkatie wa kike, aria. Mshonaji anagusa mgongo wangu kwa ncha ya sindano. Una hakika? Miguu ni yako. Toa mkia, nasema, kengele inakaribia!

Kengele inalia nikiwa njiani nakimbia, ninakimbia kama sijawahi kuzeeka, na watu wa ndoo wamekwisha kuinua ndoo. Furn ananigeuzia mgongo, mkia unadaka wenyewe, unajishona, na mji mzima unasoma kwa sauti: Furnaria, mwenye tanuri lake! Ndoo zinashushwa. Moto unapanda hadi dohani, na katika kila kioo mwanamke yuleyule anageuka, hapa fornaia, pale hornera, kule forneira, mkia mmoja, kila mji umeuvaa kivyake, na kila tanuri linawaka. Majirani wanapiga vigelegele. Waoga nyie, anawaambia, pangeni foleni, wa kwanza ni viator! Mkate unaniunguza vidole, nakula, nakula na kulia na kucheka, miguu yangu ikicheza chini yangu bila ruhusa.

Babu. Babu Odilo! Ni Gervasi, mlinzi wa ghala, ameshika sahani. Amka ule, ugali na maharage, wewe hujatia kitu tumboni tangu jana jioni. Namtazama. Uso anao, macho mawili, pua, na kwa mara ya kwanza naona uso ni kitu cha ajabu sana mtu kuwa nacho. Asante, mwanangu, nasema, nimeshiba. Umeshiba nini, babu, magunia? Najipapasa tumbo, limejaa, gumu kama ngoma. Gervasi naye analigusa, anaacha kucheka, na anakaa chini taratibu na sahani yake, ananiuliza kwa sauti ndogo ni njia gani inayokwenda huko.