Aliyeitwa Kupe

Mwenyekiti Heche alinitaja mbele ya watu wote. Ulikuwa mkutano wa kijiji, sisi tumekaa kwenye majani mbele ya ofisi, yeye amesimama na fimbo yake.

"Mokami, mke wa Waitara," alisema. "Tangu mvua zianze hajaonekana shamba la kijiji. Huyu ni kupe. Anakula jasho la wenzake."

Watu wakacheka. Mume wangu Waitara alikuwa upande wa wanaume, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimejifunga blanketi jua likiwa utosini, na bado baridi ilikuwa inanitafuna. Nilisikia kila neno. Sikuwa na nguvu hata za kukasirika.

Heche huyohuyo ndiye aliyetuhamisha. Mimi nilizaliwa Nyarero, nikaolewa upande wa Genkuru, kwenye boma la Waitara lililokuwa mlimani karibu na chemchemi. Mwaka wa sabini na nne ikaja Operesheni, watu wote wakaambiwa washuke kijiji kipya kando ya barabara. Waitara alimwomba Heche angoje nijifungue, maana siku zangu zilikuwa zimefika. Heche akajibu, "Hata huko chini watu wanazaa." Mgambo wakaezua nyumba zetu, nyasi wakazichoma ili tusirudi. Nikapandishwa kwenye trela la trekta pamoja na magunia ya mtama.

Uchungu ulinishika njiani. Dereva akasema amepewa amri ya kufika kabla ya jua kuzama, kwa hiyo wakanishusha, trekta likaendelea. Mke mwenzangu Rhobi akashuka na mimi. Alinizungushia khanga pale kando ya barabara, na watu wengine waliohamishwa wakipita na ng'ombe wao na vitanda vyao kichwani. Mtoto alitoka mzima, msichana, tukamwita Bhoke. Kondo la nyuma ndilo lililokataa. Damu ilitoka mpaka nikaacha kumsikia Rhobi akiniita. Nilipozinduka nilikuwa kwenye kiwanja kitupu tulichopimiwa, sina nyumba, nimefunikwa ngozi ya ng'ombe.

Maziwa hayakuja. Mama mkwe alisema namnyima mtoto kwa hasira ya kuhamishwa. Rhobi alikuwa ananyonyesha wake, akampa Bhoke titi la pili, akawalea wote wawili. Damu ya mwezi haikurudi tena. Nywele za kwapani zikapukutika. Nikawa mtu wa kulala. Nikiinama kupalilia, dunia inazunguka nakaa chini. Zahanati walinipa klorokwini, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nikirudi wakanipa klorokwini tena. Mganga wa kienyeji alichinja mbuzi wetu mweusi. Miaka sita ikapita hivyo; watoto wa jirani waliniita bibi, nami sijafika hata miaka thelathini.

Baada ya mkutano ule wa kuitwa kupe, niliamka nikaenda shamba la kijiji. Sikutaka kuchekwa tena. Nilipiga majembe machache nikaanguka kifudifudi kwenye pamba. Waitara alisema nitapumzika nitapona. Rhobi akamwambia, "Usipompeleka hospitali leo, mimi nafunga mizigo narudi kwetu, na watoto utawapikia wewe." Waitara akatoa baiskeli.

Hospitali ilikuwa ya misheni, mbali, tukadandia lori la pamba pamoja na baiskeli yetu kufika. Sista aliyenipokea alinipima presha mara mbili, kama haamini kipimo. Akasema nisiondoke, kuna daktari bingwa wa tezi anayekuja kutoka mbali mara chache kwa mwaka, na yuko njiani.

Siku aliyofika tulipangwa kwenye benchi. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa kabila la Wanata kutoka Serengeti, jina lake Verdiana, shingo yake imevimba hadi kidevuni. Nilimwamkia, nikamuuliza daktari yukoje.

"Hii ni mara yangu ya tatu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Sijui yukoje. Hajawahi kuongea na mimi. Anaongea na shingo."

Nilidhani anatania.

Daktari aliitwa Method. Alikuwa kijana bado, shati jeupe limepigwa pasi. Aliniangalia usoni, akanivuta kope la chini, akaninyanyua mkono akatazama kwapa. Akatabasamu. Akaenda mlangoni akaita, wakaingia wanafunzi wake, wanaume tupu, wakanizunguka. Akaanza kusema Kizungu haraka haraka. Alinishusha gauni la hospitali mpaka kiunoni bila kuniambia kitu. Akawaonyesha matiti yangu, kwapa zangu, ngozi yangu, kwa ncha ya kalamu. Wakaandika. Mmoja akauliza kitu, wakacheka wote. Halafu akashika gauni kulishusha zaidi.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilimshika mkono.

"Mimi si ng'ombe wa mnadani," nikamwambia. "Nina jina. Una lugha ninayoielewa, nimekusikia ukisema na sista. Sema na mimi."

Waitara, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia mkononi, akasema, "Mokami, huyo ni daktari."

"Na mimi ni nani?"

Daktari Method aliachia gauni. Nililipandisha mwenyewe. Aliwaambia wanafunzi watoke, na usoni alionekana kama mtu aliyenyang'anywa chakula. Akavuta kiti.

"Mama, ulipojifungua mara ya mwisho, ulipoteza damu nyingi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Si zahanati, si mganga, si mume wangu. Nilimweleza yote: boma, moto, trela, barabara.

"Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya harage," alisema. "Hiyo ndiyo inayoamrisha maziwa, hedhi, joto la mwili, nguvu. Mzazi akimwaga damu nyingi mno, tezi hiyo inaweza kukosa damu ikafa. Yako imekufa."

Kisha akamgeukia Waitara akaanza kumnong'oneza. Nikasikia neno "hatazaa".

"Niambie mimi," nikasema.

Akageuka tena. "Hutazaa tena, mama. Lakini zipo dawa. Utakunywa kila siku ya maisha yako, na ukiacha unaweza kufa. Ukinywa, utarudi kuwa mtu."

"Nimekuwa mtu siku zote."

Akachukua karatasi kuandika dawa.

"Ningezalia nyumbani kwangu, au hapa, tezi hiyo ingekufa?"

Akaweka kalamu chini. "Hapa tungeizuia damu mapema, tungekuongezea nyingine. Pengine isingekufa. Siwezi kuapa."

Nilitoka nikapita kwenye benchi. Nikamwambia Verdiana, "Anajua Kiswahili. Mshike mkono." Baadaye kupitia mlango nilimsikia kwa ile sauti yake ya kukwaruza akiuliza kwa nini amemwita mara tatu bila kumpa tiba. Jibu sikulisikia.

Vidonge vilianza kazi mapema kuliko nilivyotegemea. Niliamka asubuhi moja wodini nikaona blanketi linanikera kwa joto, nikalitupa. Nikasikia njaa. Na hasira ikaja. Ilikuwa imelala na mimi miaka yote hiyo, ikaamka na mimi. Njiani kurudi sikusema na Waitara. Tulipopita pale kando ya barabara niliposhushwa, aliinama kurekebisha mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa umetoka.

Mkutano uliofuata nilikwenda bila blanketi. Heche alipofika kwenye maendeleo ya shamba la kijiji, nikasimama. Wanawake hawakuwa wakisimama. Magige, katibu wake, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Mwenyekiti, uliniita kupe," nilisema. "Nimetoka hospitali. Mimi ni mgonjwa tangu siku uliyoniondoa kwenye nyumba yangu nikiwa na uchungu. Nilimwaga damu barabarani. Wengi wenu mlinipita pale. Wewe Simioni ulipita na mbuzi wako. Wewe Esta ulipita, ukageuza uso. Damu ile ndiyo iliyoniua tezi ya kichwani. Nani alimnyonya nani?"

Heche akakohoa. "Operesheni ilikuwa amri kutoka juu, siyo yangu."

"Amri ilisema wahame. Ilisema pia nisingojewe siku mbili? Hilo neno la kwamba hata chini watu wanazaa, nalo lilitoka juu?"

"Una cheti cha daktari?"

"Sikuonyeshi. Ulikuwepo."

Rhobi akasimama karibu yangu. Bhoke alikuwa ameshika khanga yake. Hakuna aliyecheka. Heche alitazama fimbo yake, halafu akasema tuendelee na suala la vyoo vya shule. Basi. Hakuniomba radhi, na hakunitaja kupe tena.

Siku chache baadaye mgambo mmoja aliniletea kilo ya sukari imefungwa kwenye gazeti, wakati ule sukari haionekani dukani hata kwa kuipigania. Alisema inatoka kwa Mwenyekiti, ya kumsaidia mgonjwa. Nikamwambia airudishe. Rhobi akanishika bega.

"Watoto hawajaonja sukari tangu vita," akasema. "Mchukie tu. Lakini iache."

Tukapika chai. Waitara alikuja kukaa nasi, akanywa kikombe chake, akasema, "Sasa angalau mambo yameisha."

"Kwako yameisha," nikamjibu. "Wewe siku ile ulikuwa mbele na ng'ombe."

Akaweka kikombe chini, akatoka nje. Sikumwita.