Mlangamia Katikati ya Barsimu

Shemeji yangu Mitwali ana sauti ya mnadani, na siku ya arobaini ya mume wangu aliitumia yote. Mbele ya wanaume wa ukoo, vikombe vya chai yangu mikononi mwao, alisema shamba la kaka yake lisiachiwe mwanamke. Sehemu yake ya mirathi alishaipata, ile ya kando ya barabara. Iliyobaki ilikuwa yangu na ya binti yangu Sahar, na ndiyo hiyo aliyokuwa akiimezea mate.

"Mbegu ya marehemu kaka yangu Gawad ilinunuliwa na watu wa mfereji mzima," alisema. "Huyu atatuletea magugu na aibu. Niachieni mimi nilime, yeye nitampa riziki yake."

Riziki yangu, kana kwamba mimi kuku wake. Nilitoka jikoni na birika mkononi, na mimi nikianza huwa sina breki.

"Mitwali, nipe msimu mmoja. Watu wakinunua mbegu yangu kama walivyonunua ya kaka yako, usifungue tena mdomo juu ya shamba hili. Wasiponunua, lichukue."

Wazee wakasema hiyo ni haki. Mitwali akacheka, akaomba aongezewe sukari.

Basi mahindi yalipovunwa nikaujaza maji uwanja wa shamba, nikafunga gauni kiunoni, nikaingia kwenye tope na kapu la mbegu begani. Barsimu humwagwa hivyo, juu ya maji, kwa mkono unaotupa sawasawa. Wanaume walikuwa wamekaa ukingoni mwa mfereji wakinitazama.

"Mama Sahar, unawalisha bata?" mmoja akauliza.

"Nawalisha," nikamjibu. "Ukisikia njaa na wewe shuka."

Barsimu ikaota. Ni klova hii yetu ya majani matatu matatu, ndiyo inayotuvusha baridi. Unaikata kwa mundu, unampelekea nyati wako zizini, na kabla hujamaliza upande wa pili upande wa kwanza umeshachipua. Na hapa kwetu nyati ni mnyama wa kamba na ndoo ya maziwa, asije mtu akadhani tunakimbizana naye. Ardhi nayo inapumzika chini ya barsimu, inalainika, hata pamba ya baadaye inanenepa. Lakini anayetaka mbegu lazima ajinyime. Joto likianza, wenzake wakiendelea kukata, yeye anaweka mundu chini na kuiacha itoe maua, huku nyati wake akimlilia zizini. Nilijinyima. Wangu nilimlisha makapi ya ngano na pumba, maziwa yakapungua, nikala mkate mkavu na jibini ya chumvi bila kumwambia mtu.

Kabla ya hapo, baridi ikiwa kali bado, Sahar alijifungua huko mjini Damanhur, na ilibidi niende. Nani aniangalizie shamba? Mitwali mwenyewe alikuja mlangoni, mpole kama mkwe mpya.

"Nenda kamwone mjukuu wako, Mama Sahar. Shamba niachie mimi. Damu ni damu."

Nilikwenda, nikakaa mpaka mtoto akapewa jina na watoto wa mtaa wakapewa karanga zao. Niliporudi, barsimu ilikuwa imesimama vizuri, isipokuwa sehemu moja katikati iliyokuwa fupi kidogo. Nilidhani ni baridi. Nikamshukuru shemeji, nikampelekea na biskuti.

Sasa nisikilize. Wakati wa maua kuna desturi kwetu: wanunuzi huja kutembea shambani kabla mbegu haijavunwa. Wanakuja kumtafuta adui mmoja tu, mlangamia. Nyuzi za manjano zisizo na jani wala mzizi, zinazojisokota kwenye barsimu na kuinyonya mpaka ilale. Mbegu yake ni ndogo kama ya barsimu yenyewe, chekecheke haiitenganishi. Ukiipanda, umejitia kitanzi wewe na jirani yako.

Jioni moja kabla ya siku ya wanunuzi niliingia shambani peke yangu. Nyuki walikuwa wengi, maua meupe yananigonga magotini, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tumzike Gawad. Nilipofika katikati nikaiona manjano.

Nilichuchumaa. Nikaifunua kwa mikono. Zilikuwa nyuzi tele, zimeshikana toka shina hadi shina. Nikaitafuta asili yake, maana mbegu niliyomwaga niliichambua mwenyewe, na nikaipata. Nikakaa chini palepale nikalia, tena si kwa huzuni. Nililia kwa hasira.

Ningeweza kuikata usiku ule na kusema panya wamekula. Nakiri wazo hilo lilinijia. Lakini Gawad hakuwahi kumuuzia mtu mbegu yenye shaka, na mimi sikukubali kuanza na hila katika msimu wangu wa kwanza. Nikaenda kulala, ingawa usingizi haukuja.

Asubuhi wakaja. Mbele alikuwa Haji Disuki, mzee mkavu asiyecheka bure. Yeye akinunua, mfereji wote unanunua. Nyuma yake wakulima wengine, na Mitwali, kanzu imepigwa pasi kama ya Idi. Kabla sijamaliza kuwakaribisha, Mitwali alishaanza.

"Njooni huku, jamaa. Nisije nikalaumiwa kesho kwamba niliwaficha."

Akaingia kwenye maua, akaenda moja kwa moja, hakupinda kushoto wala kulia, hadi katikati. Akaukwanyua mlangamia na kuuinua juu.

"Haya. Mbegu ya mwanamke hii hapa."

Watu wakasogea kuutazama. Haji Disuki akanitazama. "Mama Sahar?"

"Ni mlangamia, Haji," nikasema. "Niliuona jana. Nilikuwa nakuja kukuonyesha mimi mwenyewe, shemeji kaniwahi. Lakini kwanza nimuulize jambo. Mitwali, hapa hapaonekani kutoka njiani. Umepajuaje?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita katikati ya barsimu ya mbegu? Ukienda wapi?"

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Nikapiga magoti, nikatenganisha mashina.

"Haji, tazama chini. Hili tundu ni la kigingi cha kufungia mnyama. Sasa zunguka nalo, urefu wa kamba. Hapa kinyesi kikavu, hapa kingine, na pale tena. Na kila penye kinyesi ndipo mlangamia ulipoanzia. Mimi shamba la mbegu sifungi mnyama, wote mnajua, nyati wangu hula zizini. Ni nyati wa nani hapa mferejini aliyelishwa baridi yote makapi ya barsimu chafu ya mwaka jana?"

Wote walimgeukia Mitwali. Barsimu ya Mitwali ya mwaka jana ilikuwa manjano tupu, watu waliitania mpaka sokoni. Mbegu za mlangamia hupita tumboni mwa nyati zikatoka nzima, na yeye alikuja kumshibisha wake kwangu nikiwa kwa mjukuu. Bahili wa mwisho. Aliiba majani akaacha mbegu.

"Anaweza kuwa nyati wa mtu yeyote," Mitwali akasema.

"Sawa. Basi mlinzi alikuwa nani?"

Hapo walicheka wazi. Mitwali akawa mwekundu, akaanza kukunja mikono ya kanzu asijue aifanyie nini.

Haji Disuki hakucheka. Alijifuta mikono, akasema polepole, "Lawama tumeijua. Mimi nimekuja kununua mbegu. Mama Sahar, ukiukata mduara huu ukauchoma, sehemu iliyobaki ni safi? Unaweza kula kiapo?"

Mitwali akainua macho. Na mimi nikaelewa kwamba shamba langu lilikuwa ndani ya neno moja. Ningesema ndiyo, usiku ule ningelala ardhi ikiwa yangu. Wanunuzi walitaka niseme ndiyo, niliwaona usoni.

Lakini nyati hatoki shambani kwa kuruka. Alitembea kuingia, akatembea kutoka, na nyati akitembea anaangusha kinyesi.

"Siwezi kuapa, Haji."

"Hata kidogo?"

"Siwezi. Usinunue."

Mitwali akapumua kwa sauti. "Mmesikia wenyewe. Hakuna mbegu. Mashahidi mpo, neno ni lile la siku ya arobaini."

Ningemjibu ningemrarua. Nikachomoa mundu niliokuwa nimeuchomeka kiunoni, nikainama, nikaanza kukata. Si mduara tu, nilianzia ukingoni nikawa nakuja na shamba zima, maua yake yote, nyuki wakipanda juu yangu kwa hasira zao. Nilitaka kuichoma yote. Nilikata nikilia, na sikujali nani ananiona. Kila konzi ilikuwa maziwa ambayo nyati wangu hakuyatoa, na sasa hata kumpa ale siwezi.

"Unafanya nini, mama?" Haji Disuki akauliza.

"Natoa ugonjwa. Nitalima hapa mahindi, na mwakani mahindi, nikiung'oa kila utakapochungulia. Halafu nitamwaga barsimu tena, mbegu mpya, na mnyama hataweka kwato humu. Kama ardhi itakuwa yangu au haitakuwa, leo hautabaki."

Niliendelea. Nikasikia wanazungumza chini kwa chini nyuma yangu, kisha Haji akaniita. Nikainuka, mgongo unaniuma.

"Pishi tano zangu," akasema. "Barsimu yako ya kwanza itakayotoka hapa, hata ikiwa baada ya miaka miwili. Nimeinunua leo."

"Na mimi tatu," akasema mwingine. Wakafuata wengine.

Mitwali akaruka. "Mbegu gani mnanunua? Hakuna kitu hapa."

"Neno lilikuwa watu wanunue," Haji Disuki akamwambia. "Watu tumenunua. Wewe ulitaka tununue nini, nyati wako? Inueni mikono, jamaa, tuisome Fatiha."

Fatiha ikisomwa juu ya jambo, kwetu hakuna anayelitengua. Walisimama kwenye barsimu iliyokatwa, mikono mbele ya vifua. Mitwali alizungusha macho akitafuta wa kumuunga mkono, akamkosa. Akainua mikono yake taratibu, midomo ikaanza kutembea. Nami nilisoma yangu huku nikimwangalia usoni, na sikuondoa macho mpaka nikamsikia akisema amina.