Shemeji kwenye Lango la Forodha

Mwaka ule wa kura ya kuchagua nchi, Pelagia Wrobel alisikia matusi ya kila aina yakirushwa juu ya meza yake mwenyewe. Mumewe Teofil, mchimba makaa aliyepoteza vidole viwili katika vita kuu akiwapigania Wajerumani, alitaka jimbo lao la Silesia libaki Ujerumani. Mdogo wake Pelagia wa kiume, Alojz, aliyevaa sare hiyo hiyo vitani, alitaka liende Poland. Walikula madonge ya viazi na kabichi, wakaitana wasaliti, kisha wakaombana tumbaku.

Halafu mabwana wa nchi za mbali, ambao kijijini hakuna aliyewahi kuwaona, wakachora mstari wa mpaka. Nyumba zikaangukia Poland. Mgodi aliochimba Teofil, mwendo mfupi tu kwa miguu, ukabaki Ujerumani. Nyuma ya kanisa likawekwa lango, na Alojz akapata kazi ya forodha hapo.

Mwanzoni ilikuwa mzaha.

"Shemeji, kibali!"

"Kibali gani, mjinga wewe? Jana si ulikula kwangu?"

"Leo sijala. Toa!"

Watu walicheka, na Teofil naye alicheka.

Kisha akaletwa mkubwa mpya wa forodha, na mzaha ukaisha. Alasiri moja Pelagia alikuwa akingoja langoni na binti yake Rozalka. Teofil alikuwa ameahidi kumletea mtoto viatu vyeupe vya komunyo ya kwanza, maana upande ule viatu vilikuwa rahisi. Alojz akampapasa shemeji yake, mkubwa akiwa amesimama nyuma. Mkono ukakwama kifuani.

"Vimelipiwa ushuru?"

"Alojz, ni vya Rozalka. Mpwa wako."

"Nimeuliza ushuru."

Akamvua koti mbele za watu, akavifungua viatu, akavitupa kwenye sanduku la vitu vilivyokamatwa. Rozalka hakulia. Alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, na hilo lilimuuma Pelagia kuliko kilio.

Jioni Alojz akaja, kofia mkononi.

"Dada, mkubwa alikuwa ananitazama. Ningefanyaje?"

"Ungeangalia pembeni."

"Nifukuzwe kazi? Mama atakula nini?"

"Ulipiga kura," Teofil akasema kutoka jikoni. "Sasa kula kura yako."

"Na wewe si ulipiga ya kwako? Nenda basi huko kwenu!"

"Kwetu?" Teofil akainuka. "Mimi nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa!"

Alojz akatoka bila kuaga. Teofil hakumaliza chakula.

Mkataba wa mpaka uliruhusu mtu kuchagua nchi na kuhamia huko. Teofil alichagua Ujerumani. Pelagia alibisha, akanuna, akalia. Lakini kila jioni mumewe alirudi akiwa amepapaswa kama mwizi, na mwishoni mke akaanza kufunga mizigo. Mama yake alikataa kuondoka.

"Nimehamishwa nchi nikiwa kitandani mwangu," alisema. "Nikihama tena itakuwa kaburini."

Langoni Alojz aliinua kizuizi bila kuwatazama.

"Pita, dada."

"Kagua."

"Dada, pita tu."

"Kagua, nimesema. Kama ulivyomkagua mume wangu."

Alojz akafungua furushi: mito, sufuria, picha ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi. Akalifunga ovyo. Pelagia akalifungua, akalifunga upya mwenyewe, akavuka.

Mama yao alifariki majira ya baridi. Pelagia aliomba kibali siku ile ile, lakini ofisi ilikichelewesha mpaka mazishi yakapita. Alipofika langoni, Alojz alikisoma kibali, akakigonga muhuri, akabaki amekishika.

"Bado hatujaweka msalaba," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko karibu na ukuta, pembeni ya baba."

"Hutakuja?"

Alojz akageuka kumtazama mkubwa wake dirishani. "Siwezi kuacha lango."

Pelagia akachukua kibali chake, akaenda makaburini peke yake, theluji ikimfika magotini.