Maji Yenye Sahihi ya Kessler

Dwight Kessler, afisa wa maji wa jimbo, alilisukuma faili la Verlene kwa ncha ya kalamu kama anayesogeza panya aliyekufa.

"Bi. Haugland, vipimo vyako vya kijito vimepitisha miaka mitano. Sheria haivitambui tena."

"Nilikuletea vikiwa na wiki moja. Wewe ndiye uliyevikalia."

"Miaka inahesabiwa tangu maji yalipochotwa. Sheria sikuiandika mimi."

Damu ilimchemka Verlene. Miaka yote hiyo kinyesi cha mabanda ya nguruwe ya jirani kinashukia kijitoni kwake, wajukuu hawathubutu kutia mguu, na huyu amenuna kwa sababu amekatizwa kula donati yake. Verlene alilipandisha juu ya meza kasha la barafu lenye chupa za maji ya kijito, akamwekea na fomu ya makabidhiano.

"Haya nimeyachota leo saa mbili asubuhi. Tia sahihi kwamba umepokea, niondoke."

Ili aondoke kweli, Kessler alitia sahihi bila kusoma.

Verlene alichukua nakala yake, akaikunja taratibu.

"Sasa ni yako, bwana mkubwa. Maji ya kupimwa vijidudu yana saa sita tu tangu kuchotwa, na maabara iko mwendo wa saa tatu. Yakichelewa, safari hii sheria itauliza jina lako."

Kessler aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo.

"Donati utaila njiani," Verlene alimwambia.